Kitabu cha Karatasi au cha Simu: Piga Hesabu Kabla Hujalipa

Kama unaishi Joubert Park, Johannesburg, na unapenda kusoma Kiswahili, kabla hujafika kwenye suala la bei unakutana na tatizo kubwa zaidi: kitabu chenyewe hakionekani. Pita mtaa wa Noord asubuhi katikati ya teksi na wauza matunda, zunguka jumba la sanaa lililosimama kando ya bustani tangu mwaka 1915, shuka hadi Park Station. Ukikuta meza ya vitabu, au turubai lililotandikwa juu ya lami, utaona riwaya za Kiingereza zilizokunjika pembe, Biblia za Kizulu, vitabu vya uhasibu vya mitaala iliyokwisha pita. Cha Kiswahili ni bahati. Ndiyo maana wengi wetu tulioko huku Bondeni tunaishia kwenye simu, na ndiyo maana bei ya kitabu pepe ikilinganishwa na ya kitabu cha karatasi inatuhusu sisi kuliko inavyomhusu mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye akitaka kitabu anapanda daladala au matatu na kuingia dukani.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wawili: anayenunua, na anayeandika akitaka kuuza. Mara nyingine ni mtu huyo huyo. Tuanze na mnunuzi.

Malalamiko ninayoyasikia sana ni haya: kitabu hakina karatasi, hakina gundi, hakijapanda lori wala meli, sasa kwa nini wananitoza karibu sawa na kile cha kushika mkononi? Ni swali la haki, na jibu lake limo ndani ya bei yenyewe. Chukua kitabu cha karatasi kinachouzwa randi 300 dukani. Kodi ya ongezeko la thamani hapa Afrika Kusini ni asilimia 15 tangu Aprili 2018, na vitabu havijasamehewa, kwa hiyo randi 39 na senti 13 ni za serikali kabla mtu mwingine hajagusa kitu. Duka huchukua fungu kubwa kuliko wote, mara nyingi karibu asilimia 40. Mwandishi kwa kawaida anaambulia kama asilimia 10. Kinachobaki kinagawanywa kwa msambazaji, mhariri, mpanga kurasa, mchoraji wa jalada, na mwishoni kabisa mtambo wa uchapaji. Kwa kitabu kilichochapwa nakala maelfu, karatasi na wino ni sehemu ndogo ya randi zile 300. Ukiviondoa, bei haishuki hadi nusu; inapungua kidogo tu.

Kodi nayo haikupi nafuu yoyote ukihamia kwenye simu. Tangu tarehe 1 Juni 2014, kampuni za nje zinazouza bidhaa za kielektroniki kwa wakazi wa Afrika Kusini, vitabu pepe vikiwemo, zinatakiwa kutoza kodi hiyo hiyo. Kwingine mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Uingereza kwa miaka mingi ilitoza sifuri kwenye kitabu cha karatasi na asilimia 20 kwenye kitabu pepe chenye maneno yale yale, hadi Mei 2020 ilipovisawazisha. Kenya ilikwenda upande mwingine: mwaka 2013 iliviingiza vitabu kwenye kodi ya asilimia 16, na wachapishaji wakapiga kelele. Kwa hiyo ukiona kitabu pepe ni ghali, chunguza kwanza umenunulia duka la nchi gani na kodi ya nani imo ndani.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya kibiashara tu. Amazon ilipoanza kuuza kifaa cha Kindle Novemba 2007, vitabu vipya vinavyopendwa iliviuza kwa dola 9.99, vingine kwa hasara, ili watu wazoee. Wachapishaji wakubwa wa Marekani wakaona msomaji akishazoea bei hiyo hatanunua tena kitabu cha jalada gumu. Mwaka 2010 wakakubaliana na Apple kwamba mchapishaji ndiye atakayepanga bei. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ikawashtaki kwa kula njama, na Apple ikaishia kulipa dola milioni 450. Hata hivyo, kwa mikataba mipya iliyofuata, wachapishaji walirudi kupanga bei wenyewe, na hali hiyo ndiyo unayoikuta leo: kitabu pepe cha mwandishi maarufu wakati mwingine kinazidi bei ya toleo la karatasi la jalada laini. Ukikutana na hilo, usione aibu kuchagua karatasi.

Na mauzo je? Kindle ilipotoka, wengi walitabiri kwamba karatasi imekwisha. Haikuisha. Utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2021 uliwakuta watu wazima 65 katika kila 100 Marekani wakisema wamesoma kitabu cha karatasi ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Waliosoma kitabu pepe walikuwa 30. Na hiyo ndiyo nchi iliyoanzisha biashara hii, yenye umeme, intaneti na kadi za benki kila mahali. Takwimu za mauzo nazo zisome kwa uangalifu, kwa sababu zile za wachapishaji wakubwa hazihesabu maelfu ya vitabu ambavyo waandishi wanajichapia wenyewe na kuuza kwa bei ya chini kupitia Amazon, na Amazon haitangazi hesabu hizo. Vitabu pepe vinavyouzika sana viko huko: mapenzi, upelelezi, hadithi za kutisha, vitabu ambavyo msomaji anamaliza kimoja na kutaka kingine usiku huo huo.

Hapa bustanini tunayo picha ya jambo hili. Kwa miaka mingi Joubert Park ilijulikana kwa wapiga picha wake: unasimama karibu na maua umevaa vizuri, unalipa, unaondoka na picha ya karatasi ya kutuma nyumbani. Simu zenye kamera zimeivunja kazi ile. Kwa nini basi kitabu cha karatasi hakikufuata njia ya picha ya karatasi? Mimi naona ni kwa sababu picha unaitazama mara moja ukamaliza, na ukitaka aione mama yako Tanga unamtumia sekunde hiyo hiyo. Kitabu unakaa nacho saa nyingi, kisha unamwazima mtu. Na kuazima ndiko kunakotofautisha bidhaa hizi mbili kuliko kitu kingine chochote.

Maana unapobonyeza neno la kununua kwenye duka la vitabu pepe, unachopewa ni ruhusa ya kusoma. Mwenye kitabu anabaki kuwa mwingine. Julai 2009 watu waliokuwa wamelipia vitabu viwili vya George Orwell kwenye Kindle waliamka wakakuta vimefutwa kwa mbali, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Walirudishiwa fedha na kampuni ikaomba radhi, lakini vitabu vilikuwa vimeondoka. Kimojawapo kilikuwa *Animal Farm*, kile kile ambacho Fortunatus Kawegere alikitafsiri kama *Shamba la Wanyama* mwaka 1967. Mwenye nakala ya karatasi ya tafsiri hiyo kabatini kwake hakuna kampuni inayoweza kuingia chumbani kuichukua. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vyote walivyonunua wateja vikatoweka. Hao pia walirudishiwa fedha. Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kitabu pepe hakiwezi kuuzwa tena kama mtumba. Na tangu Februari 2025 Amazon imeondoa njia ya kupakua kitabu ulicholipia na kukihamishia kwenye kifaa kwa waya.

Sasa piga hesabu yako kwa namna hii. Kitabu cha karatasi cha randi 300, ukikisoma kisha ukakiuza kwa randi 100, kimekugharimu randi 200. Kitabu pepe cha randi 200 nacho kimekugharimu randi 200. Hapo hakuna kilichokizidi kingine. Lakini kama mwenzako wa chumba amekisoma kile cha karatasi kabla hujakiuza, na dada wa ghorofa ya chini naye akakisoma, basi watu watatu wamesoma kwa randi 200. Kitabu pepe kinashinda pale tu bei yake inapokuwa chini ya kile ambacho karatasi itakugharimu baada ya kuuzwa au kuazimwa. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakumsahau mnunuzi wa vitabu.

Kuhusu gharama ya bando, wengi wanaiogopa bila sababu. Baada ya Tume ya Ushindani ya hapa kutoa ripoti yake kuhusu bei za data Desemba 2019, Vodacom ilishusha gigabaiti moja ya siku 30 kutoka randi 149 hadi randi 99 mwezi Aprili 2020. Kwa bei hiyo ya 99, megabaiti moja ni kama senti 10. Riwaya isiyo na picha mara nyingi ni megabaiti moja au mbili, yaani senti 10 hadi 20 kwa riwaya nzima. Video moja fupi ya kuchekesha inakula zaidi ya hapo. Kitabu cha watoto chenye picha za rangi kinaweza kufika megabaiti 20, nacho ni randi mbili. Kwa hiyo bando lisikuzuie.

Kifaa nacho hakikulazimu. Programu ya Kindle na nyingine za kusomea ni za bure kwenye simu. Kifaa maalumu chenye wino wa kielektroniki kinapumzisha macho, na kama unasoma kila siku kitajilipa, lakini usikinunue kabla hujamaliza angalau vitabu vitano kwenye simu. Wengi hununua kifaa kisha hawasomi.

Usiku wa mgao wa umeme, ambao mwaka 2023 ulikuwa mbaya kuliko miaka yote, simu iliyochajiwa ilikuwa na taa yake yenyewe wakati mwenye kitabu cha karatasi akitafuta mshumaa. Hilo ni la kuisifu simu. Lakini mchana, kwenye foleni ya teksi ya Noord, nakushauri kwa dhati: weka simu ndani, toa kitabu cha karatasi. Simu unaiinamia, umezama katika sura ya saba, na anayepita mbio anaiona kabla hujamwona yeye. Kitabu chenye jalada lililochanika hakuna anayekinyakua.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, maana hapa hesabu inageuka. Kitabu ambacho hakipo sokoni Johannesburg, bei yake halisi ni bei ya dukani pamoja na bei ya kukifikisha. Posta ya Afrika Kusini iliingizwa katika usimamizi wa kuokoa biashara mwaka 2023, na mimi nisingemshauri mtu atume kitabu kwa barua ya kawaida akitegemea kukipata kwa tarehe fulani. Kampuni za kusafirisha vifurushi zipo, lakini gharama ya kifurushi inaweza kuzidi kitabu. Hapo kitabu pepe kinashinda waziwazi, hata kikiuzwa bei sawa na cha karatasi cha Dar es Salaam. Ukitaka riwaya moja ya Kiswahili leo usiku, na ipo kama kitabu pepe, inunue.

Kabla hujalipa, pakua sura ya mfano na uitazame kwa makini. Tafuta maneno yenye ng' kama ng'ombe na kung'oa. Kitabu kilichochanganuliwa na mashine bila mhariri kupita huwa kimepoteza alama ile, na ukiona "ngombe" ukurasa wa kwanza, ujue kurasa 200 zinazofuata hazikusomwa na mtu. Angalia pia kama Kiswahili kimeandikwa na binadamu. Siku hizi kuna vitabu vingi mtandaoni vilivyotafsiriwa na mashine na kuwekwa jalada zuri. Sentensi zake zina maneno ya Kiswahili lakini hazina pumzi ya Kiswahili. Na ukiwa na uchaguzi, chukua faili la EPUB badala ya PDF. EPUB inapanga maneno upya kulingana na kioo cha simu yako, na tangu 2022 Kindle pia inaipokea. PDF inakulazimisha kuvuta ukurasa kushoto na kulia kila mstari hadi unachoka.

Kwa vitabu vya karatasi vya Kiswahili kuna njia ambazo watu wa hapa wanazijua, ila hawazitumii kwa vitabu. Kitabu cha kurasa 250 cha jalada laini kina uzito wa kama gramu 300. Kumi ni kilo tatu. Ndugu anayekuja kutoka nyumbani kwa ndege, au kwa basi linaloshusha Park Station, ana begi; mwombe kilo tatu. Mtu ambaye angekuletea dagaa na unga wa muhogo atakuletea *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata tuzo ya Nobel. Vikiwa vingi na ni vya kuuza, vitangaze mpakani. Usimtie ndugu yako matatani kwa ajili ya sanduku la vitabu. Kwa vitabu vya wachapishaji wa Kiafrika kwa jumla, African Books Collective ya Oxford, iliyoanzishwa na wachapishaji wenyewe, inauza kwa kuchapa nakala inapoagizwa, na vingi inavyo pia kama vitabu pepe, hivyo unaweza kulinganisha bei mbili za kitabu kimoja mahali pamoja.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni upatu wa vitabu. Upatu tunaujua, na wenyeji wa hapa wana stokvel zao. Watu kumi, kila mmoja ananunua kitabu kimoja cha karatasi, tofauti na cha mwenzake. Kila mwezi mnazungusha. Baada ya miezi kumi kila mmoja amesoma vitabu kumi kwa bei ya kimoja, na mwishoni mna rafu ya vitabu kumi ambayo bado ni mali. Jaribu kufanya hivyo kwa vitabu pepe: ruhusa uliyopewa ni yako peke yako, na kutuma faili kwa wenzako tisa ni wizi. Kwenye Drill Hall, hatua chache kutoka bustanini, jengo ambamo Desemba 1956 zilisikilizwa hatua za kwanza za kesi ya uhaini ya akina Mandela, kulianzishwa mwaka 2008 maktaba ya jamii iliyoitwa Keleketla! Neno hilo ni la Kisepedi, nalo ni itikio la wasikilizaji msimulizi anapoanza hadithi, kama sisi tunavyojibu pakawa mtu akisema paukwa. Maktaba ya namna hiyo huanza na watu kuleta vitabu mikononi. Vitabu pepe vya kwenye simu zetu haviwezi kuanzisha moja.

Kwa watoto ushauri wangu ni tofauti kabisa. Usinunue. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya hapa hapa Johannesburg, una hadithi nyingi zenye picha katika lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, zote bure na kwa leseni inayoruhusu kupakua, kuchapa na kugawa. Pakua hadithi ya kurasa 16, nenda kwenye duka la fotokopi, omba wachape kwa mtindo wa kijitabu, pande zote mbili: karatasi nne tu za A4. Zikunje katikati, zipige pini mbili mgongoni. Mtoto ana kitabu chake cha Kiswahili, ataandika jina lake juu, ataking'ata pembe, na gharama yake ni fotokopi. Kwa yule anayefuata mitaala ya Tanzania, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada. Mtoto mdogo asisomee kwenye simu kama unaweza kuepuka. Akipewa simu kwa ajili ya hadithi, dakika ya tatu yuko kwenye mchezo.

Vitabu vya kiada unavyovitumia chuoni hapa, nunua mitumba ya karatasi kwanza, na ulinganishe toleo. Vitabu vya ibada, kamusi ya nyumbani, na kitabu unachotaka mwanao akikute ukiwa umezeeka, nunua karatasi bila kuuliza bei ya pepe. Riwaya ya kusoma mara moja, chochote cha Kiswahili kisichopatikana huku, na kitabu unachokihitaji usiku huu kwa ajili ya kesho, nunua pepe.

Sasa wewe unayeandika. Usiamini kwamba huku hakuna soko. Mwaka 2018 wizara ya elimu ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kitaruhusiwa kufundishwa shuleni kama lugha ya hiari kuanzia 2020, na Agosti 2019 wakuu wa SADC, wakiwa Dar es Salaam, walikifanya lugha rasmi ya nne ya jumuiya. Wako Waafrika Kusini waliosoma Mazimbu, Morogoro, katika shule ya ANC ya Solomon Mahlangu, ambao hadi leo wanakisema. Wako Wakongo, Watanzania, Wakenya, Warundi katika maghorofa haya kuanzia hapa hadi Hillbrow na Yeoville. Hillbrow hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na duka maarufu la Exclusive Books, enzi ambazo watu walinunua vitabu usiku wakitoka kula.

Kosa la kwanza la mwandishi mpya ni kushusha bei ya kitabu pepe hadi chini kabisa akidhani atauza vingi. Tazama hesabu. Amazon humpa mwandishi asilimia 70 ya bei kitabu kikiuzwa kati ya dola 2.99 na 9.99, na asilimia 35 nje ya hapo. Ile 70 haitolewi kwa mauzo ya kila nchi, na kuna makato madogo kulingana na ukubwa wa faili. Ukiuza kwa dola 2.99, mgao wako kabla ya makato ni dola 2.09. Ukishusha hadi 1.99, unapata senti 70 pungufu kidogo. Umepunguza bei kwa dola moja na ukajikata theluthi mbili ya kipato. Lazima uuze nakala tatu ili upate ulichokuwa ukipata kwa moja. Kabla ya kupakia angalia pia orodha ya lugha ambazo duka husika linazikubali siku hiyo, usije ukamaliza kazi yote ukakwamia mlangoni.

Kuna jambo la kodi ambalo linamfaa sana anayeishi huku. Mrabaha unaotokana na mauzo ya Marekani hukatwa asilimia 30 kama mwandishi ni wa nchi isiyo na mkataba wa kodi na Marekani. Tanzania na Kenya hazina mkataba huo. Afrika Kusini inao, na chini yake mrabaha wa mkazi wake haukatwi Marekani. Kama wewe ni mkazi wa Afrika Kusini kikodi na una namba ya mlipakodi, jaza vizuri fomu ya kodi unayopewa na duka. Tofauti yake ni karibu theluthi ya fedha zako za huko. Namba ya ISBN nayo huilipii hapa: Maktaba ya Taifa ya Afrika Kusini, Pretoria, inaitoa bure. Omba mbili, moja ya karatasi na nyingine ya pepe, kwa sababu kila umbo la kitabu linahitaji yake.

Kwa upande wa karatasi, chapa kidogo. Nakala 50 kwa mtambo wa kidijitali zinagharimu zaidi kwa kila moja kuliko nakala 1,000, lakini nakala 950 zilizorundikwa chini ya kitanda katika chumba cha kupanga ni fedha iliyolala. Tuseme kitabu kimoja kimekugharimu randi 70 kuchapa, na unakiuza 200. Ukikiuza kwa mkono wako, unabaki na 130. Ukikipeleka dukani, likachukua asilimia 40, unabaki na 50. Kwa hiyo anza kwa mkono: baada ya misa, nje ya msikiti Ijumaa, kwenye sherehe za Siku ya Kiswahili tarehe 7 Julai, kwenye vikao vya jumuiya za watu wa nyumbani. Kitabu pepe chako kipange kati ya nusu na theluthi mbili ya bei ya karatasi. Hapo anayejali bei ana pa kwenda, na aliyelipia karatasi haoni kwamba kaibiwa. Kitoe pepe kwanza kwa walioko mbali nawe, na karatasi kwa wale unaoweza kuwafikia kwa miguu.

Adui mkubwa wa bei zote hizi anaishi kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Riwaya nzima inapigwa picha ukurasa kwa ukurasa, inageuzwa PDF, na kufika asubuhi watu 200 wanayo bure. Mwandishi wa Kiswahili hana kampuni ya mawakili. Ana nakala zake chache na matumaini. Ukitumiwa faili la namna hiyo, usilisambaze. Mtafute mwandishi mwenyewe, wengi wanauza vitabu vyao kupitia kurasa zao, mlipe kitabu kimoja, pepe au karatasi, na umwandikie mstari mmoja kwamba umesomea Joubert Park, ili ajue kwamba wasomaji wake wako na huku.